Kunyoa ndevu kwenye sinki kwa lita tatu tu za maji: mwongozo kamili wa mtu wa mlimani Mwanza

Wadau, mwangaluka. Juzi shemeji yangu kalala kwangu hapa Mabatini, asubuhi kaingia bafuni kunyoa ndevu. Mi niko sebuleni na chai yangu nasikia koki inamwaga tu shwaaa, dakika ya kwanza, ya tano, ya nane, nikaanza kupiga hesabu ya simtank yangu kichwani. Katoka kidevu kinavuja damu sehemu tatu na shingo imeumuka vipele kama kalala bila neti. Sasa jiulize maji yote yale yamefanya kazi gani? Yameteremka kwenye bomba. Usoni hayakukaa hata sekunde thelathini.

Wengi tunanyoa hivyo hivyo, tunadhani kunyoa kwa maji maana yake koki iwe wazi. Kumbe maji yana kazi tatu tu pale kwenye sinki: kulainisha ndevu kabla wembe haujagusa, kuingia ndani ya povu ili wembe uteleze, na kuusafisha wembe kila baada ya mikupuo miwili mitatu. Basi. Na zote hizo lita tatu zinatosha na zinabaki.

Mi sikujifunza hii kwa sababu ni mjanja sana, nimejifunza kwa sababu naishi juu ya mawe. Wenyeji wa Mabatini, Bugarika, Igogo na vilima vingine mnajua, ziwa unaliona pale chini linang'aa jua lote, lakini maji kupanda mpaka kwako ni habari nyingine, presha ikiwa ndogo unakinga usiku au unapandisha madumu kwa mgongo wa kijana. Ukishalipia dumu kupandishwa kilima huwezi tena kuliangalia linamwagika bure.

Nikaamua kupima. Nikaweka ndoo ya lita 10 chini ya koki ya sinki nikafungua kama shemeji alivyofungua, ikajaa kwa sekunde 80. Maana yake dakika nane zake zilikula lita 60, madumu matatu ya lita 20, kwa uso mmoja! Ukinyoa hivyo kila siku kwa mwaka ni karibu uniti 22 za maji, uniti moja ni lita 1,000. Ukinyoa kwa lita tatu, mwaka mzima unamaliza uniti moja na kidogo. Halafu wa lita tatu ndiye anayetoka na uso msafi, hapo ndo utashangaa.

KWANINI MAJI KABLA YA WEMBE

Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, wembe unapoukuta unauvuta kwanza ndipo unaukata, na ile kuvuta ndiyo inayouma na kuleta damu. Unywele ukinywa maji unavimba, unalainika, unakatika kirahisi. Ila haunywi kwa kugusishwa tu, unataka muda, dakika mbili mpaka tatu za kulowa kweli. Mafuta ya ngozi nayo yanazuia maji kupenya, ndo maana unaosha uso kwa sabuni kwanza.

Na usidhani chuma kinashinda kirahisi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walitoa kwenye jarida la Science kazi yao ya kutazama wembe ukikata nywele chini ya hadubini, wakakuta ukingo wa wembe unamegeka vijipande vidogo, na hapo chuma cha wembe ni kigumu kuliko nywele kama mara 50. Nywele laini kiasi hicho inamegua chuma! Kwahiyo wembe wako kuanza kuvuta baada ya siku chache si lazima uwe feki, ndevu zenyewe ndo zinaula.

CHAGUA MAJI, HASA WEWE WA MWALONI NA VISIWANI

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana madini kidogo ya kalsiamu na magnesiamu. Hayo madini ndiyo yanayogombana na sabuni na kuifanya igande vijichembe vyeupe badala ya kutoa povu. Sisi huku tumedekezwa bila kujua. Nenda ukanyoe kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, unasugua sabuni mpaka mkono unachoka na povu halionekani, sinki linabaki na mstari wa ukoko mweupe. Hata jamaa zetu wa Shinyanga na Kahama siku hizi wanatumia maji ya ziwa hili hili, yanavutwa toka Ihelele, nao sabuni yao inatoka povu safi. Ukisafiri sehemu ya maji magumu chukua maji ya kuchemsha ya mvua au ya chupa nusu lita kwa ajili ya povu tu, mengine ya kuoshea wembe tumia hayo hayo ya kisima.

Sasa kuna jambo hapa sitaki upite haraka. Kama maji yako ni ya bomba yaliyotibiwa, sawa, endelea. Ila kama unachota moja kwa moja ziwani, wewe wa Ukerewe, wa Kome, wa kambi za dagaa, usijipake maji hayo usoni yakiwa mabichi. Kichocho kipo kwenye maji ya ufukweni, vile vidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi nzima nzima, hata kama huna kidonda, sembuse umejikata na wembe. Njia mbili: chemsha maji yote, au yachote uyaache kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono wala majani ya ziwani, siku mbili kamili, vile vidudu vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa. Na hii kuacha yakae ni kinga ya kichocho tu, haiui bakteria, kwahiyo kwa uso unaoukata na wembe mi ningechemsha kabisa.

Watu wanakosea sehemu moja. Anachemsha nusu birika, halafu anachanganya na maji mabichi ya ziwa ili yawe vuguvugu. Aisee, hapo hujaua kitu. Vidudu vya kichocho vinataka joto la nyuzi 50 kwa dakika tano, na mchanganyiko wa kunyolea haufiki huko maana ukifika utaungua. Chemsha yote kisha yapoe, kama huna muda basi chemsha jioni uyaweke, asubuhi unapasha kidogo tu.

KUCHANGANYA MAJI

Huhitaji kipimajoto. Mwanza tuko juu kidogo ya usawa wa bahari, mita 1,100 na ushee, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, siyo 100. Maji ya koki huwa ya nyuzi 24 hivi. Ukichukua kikombe kimoja cha yaliyochemka ukaweka vikombe vitatu vya baridi unapata nyuzi 42, na ukiweka vikombe vinne unapata 38. Mi natumia kimoja kwa vitatu, kwa sababu sinki la kauri likiwa baridi linanyonya joto, ukishamwaga tu yanashuka. Ukiwa na beseni la plastiki weka kimoja kwa vinne.

Kwa hiyo: nusu lita toka birika au chupa ya chai, lita moja na nusu ya baridi, changanya kwenye jagi. Jaribu kwa ndani ya kiwiko siyo kwa vidole, vidole vya mtu mzima aliyezoea kushika sufuria havisemi ukweli. Yanakuchoma? Ongeza baridi. Maji moto sana yanaunguza na kukausha ngozi, halafu uso unabaki mwekundu, au kwa sisi weusi unabaki unawaka tu bila kuonekana. Pembeni weka lita moja ya maji baridi, hiyo usiiguse mpaka mwisho.

Na ukikosa kabisa maji moto usiahirishe. Maji baridi yanalainisha ndevu pia, yanachelewa tu, na mafuta ya ngozi yanatoka kwa shida zaidi. Upe uso dakika tano badala ya tatu.

KUTENGENEZA SINKI

Safisha sinki kabla. Najua unaona ni kazi ya ziada, ila yale maji ndiyo utakayochovya wembe na wembe unarudi usoni, kama jana mtu kanawia dagaa humo basi unajua mwenyewe.

Kizibo sasa. Vizibo vingi vya sinki zetu vinavuja, unajaza maji ukigeuka yamekwisha. Zamani ulikuwa unakata kipande cha rambo unaweka chini ya kizibo kinashika barabara, rambo ndo hivyo zilipigwa marufuku toka Juni 2019, mi natumia kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli nilichokata duara. Wewe ukiona usumbufu weka bakuli ndani ya sinki, bakuli la kawaida la mboga, kazi ni ile ile na mwisho unalimwaga unapotaka. Ambaye hana sinki kabisa, ndoo yenye koki na beseni chini yake inafanya kila kitu nilichoandika hapa, sinki si lazima.

Mgao wa zile lita mbili za vuguvugu uko hivi: nusu lita ni ya uso na kitaulo, lita moja na nusu inaingia kwenye sinki kwa ajili ya wembe. Usiyamwage yote mwanzoni, yale ya sinki yamwage ukiwa tayari kushika wembe, vinginevyo yanapoa yakikusubiri.

KULOWESHA USO

Osha uso kwa sabuni ya kuogea, ile ya kawaida, siyo ya mche ya kufulia, hiyo itakukausha kama gamba. Suuza kwa viganja viwili vya maji. Kisha chovya kitaulo kwenye maji ya vuguvugu, kikamue nusu tu, kiwe kizito lakini hakichirizi mpaka kwenye kiwiko, jifunike toka chini ya pua mpaka kooni. Shikilia. Kikipoa chovya tena. Mara tatu hivi dakika tatu zimeisha.

Hapa ndipo watu hawana subira. Dakika tatu mtu anaona karne, wimbo mmoja wa redio huwezi kusimama? Babu yangu kule Magu alikuwa hana sinki wala kioo kikubwa, ana karai la bati na kioo cha pikipiki kakiegesha kwenye mti, anajifunika kitambaa cha maji moto anakaa kwenye kigoda anasalimiana na wapita njia kitambaa kikiwa usoni. Sisi watoto tunacheka. Sikuwahi kumwona na kipele hata kimoja.

Njia rahisi kuliko zote: nyoa baada ya kuoga. Ukitoka kuoga ndevu zimeshakunywa maji, usijifute uso, nenda moja kwa moja kwenye povu. Hapo unaokoa ile nusu lita.

POVU, HAPA TWENDE TARATIBU

Watu wanadhani povu ni suala la sabuni. Povu ni maji. Sabuni au krimu ni ile ile, tofauti ya kunyoa vizuri na vibaya iko kwenye matone uliyoongeza.

Kama una brashi ichovye kwenye maji ya vuguvugu dakika moja, itikise mara mbili, sugua juu ya sabuni sekunde kama ishirini. Kama huna, weka krimu kiasi cha punje ya harage kwenye kiganja. Mwanzo itakuwa nzito, inanata, imepauka kama chokaa. Wengi ndo wanaishia hapo wanajipaka, inakaukia shavuni kabla hawajafika kidevuni. Usijipake bado. Chovya ncha za vidole kwenye maji, dondosha matone matatu manne, zungusha. Inaanza kulegea. Matone tena, zungusha. Sasa inaongezeka, inakuwa na mapovu madogo madogo. Matone ya mwisho, zungusha mpaka mapovu yasionekane kabisa, iwe laini inang'aa kama mtindi ulioganda vizuri, ukichota kwa kidole inasimama na ncha yake inajikunja.

Ukizidisha maji utajua, linakuwa na mapovu makubwa yanapasukapasuka kama ya togwa na linateremka shingoni mpaka kwenye singlendi. Hilo halishiki maji kwenye ndevu wala halitelezeshi wembe. Ongeza sabuni kidogo urudie kuzungusha, usimwage.

Kipimo changu ni vidole: chukua povu kati ya gumba na cha shahada, sugua. Vikiteleza kama vimeshika kambale, tayari. Vikikwama ongeza tone.

Jipake kinyume na ndevu zilivyolala ili zisimame, halafu malizia kwa kulaza. Uso uwe bado na unyevu chini ya povu, hiyo muhimu, ukijipaka povu juu ya ngozi iliyokauka ni kama kupaka rangi juu ya vumbi. Kama umetumia muda kutengeneza povu na uso ukakauka, pitisha kiganja chenye maji kwanza. Povu la kopo la dukani nalo lipe tone tone hivyo hivyo, linatoka limejaa hewa kuliko maji.

WEMBE NA MAJI YA SINKI

Mwaga sasa ile lita moja na nusu. Chovya wembe kwanza kabla ya kuanza, wembe baridi mkavu usigusishe uso.

Nyoa mikupuo mifupi, sentimita tatu nne, kufuata ndevu zilivyolala. Mashavuni kwa wengi zinalala kwenda chini, shingoni zinajizungusha zinavyotaka zenyewe, pitisha kidole usikie upande gani unakwaruza, wewe nenda upande usiokwaruza. Usikandamize. Baada ya mikupuo miwili mitatu nafasi kati ya nyembe inajaa povu na ndevu, hapo wembe haukati tena, unaburuza. Rudi kwenye maji.

Kuna namna ya kuchovya. Ukitazama yale maji baada ya kuchovya mara mbili utaona yamegawanyika, juu povu linaelea, chini ndevu zimezama, katikati ndiko kuna maji yenye unafuu. Pitisha wembe haraka chini ya povu, usifike chini, tikisa kushoto kulia mara tatu nne ukiwa ndani ya maji, maji yapite kati ya nyembe. Toa, tikisa mara moja, endelea. Usigongegonge wembe kwenye ukingo wa sinki, ile ko ko ko tunayopenda wote inapindisha kichwa cha wembe na wakati mwingine ndiyo inayoharibu ukingo kuliko ndevu zenyewe. Ikibaki ndevu imekwama usiitoe kwa kidole, kidole kitakatika, geuza kichwa cha wembe chini na umwagie maji toka nyuma kwa kikombe.

Sehemu ngumu ni kidevuni na juu ya mdomo, ndevu za huko ni nene na zimesongamana, kwahiyo zinyoe mwisho. Zikiwa zinasubiri zinaendelea kunywa maji ndani ya povu. Mpangilio wangu ni mashavu, shingo, kidevu, mwisho mdomo. Ukiona povu linakauka sehemu ambayo hujafika, usiongeze povu, lowesha vidole pitisha juu yake, linaamka.

Ukitaka kurudia mara ya pili, lowesha uso, paka povu upya jepesi, pitisha wembe kwa pembeni, siyo kinyume na ndevu. Kurudia wembe kwenye ngozi tupu "hapa pamebaki kidogo" ndiyo chanzo cha nusu ya vipele vya mtaani.

Siku moja nilikuwa na usaili wa kazi mjini saa tatu asubuhi. Nikafungua koki kishkaji, enzi hizo bado sijawa na akili hizi, povu uso mzima, nusu ya shavu nimeshanyoa, koki ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Simtank tupu. Ndani kuna chupa moja ya maji ya kunywa ya nusu lita imebaki nusu. Nikasimama pale nimegawanyika uso kama ngoma ya pande mbili. Nikamimina yale maji kwenye kikombe, nikachovya wembe mle mle, nikalowesha povu kwa vidole, nikamaliza na kitone cha kufutia uso nikabaki nacho. Nimetoka bila hata mkwaruzo, na ndo uso uliotoka vizuri kuliko yote niliyowahi kunyoa. Kazi nilikosa lakini.

KUSUUZA

Yale maji ya sinki sasa ni machafu, yana ndevu na ngozi iliyokufa, usijisuuze nayo. Tumia lita moja ya baridi uliyoiweka pembeni, mimina kidogo kidogo kwenye kiganja, toka juu kwenda chini, nyuma ya masikio usisahau, povu likikaukia pale mtu anakuona mpaka jioni hakwambii.

Hapa wa Mwanza tuna shida yetu moja. Maji laini yanaacha ngozi inateleza hata kama sabuni imeshatoka, unasuuza unahisi bado, unasuuza tena. Usimalize ndoo. Viganja sita saba vinatosha, ukiona maji yanayodondoka hayana weupe umemaliza.

Watasema maji baridi yanafunga vitundu vya ngozi. Vitundu vya ngozi havina misuli ya kufungua na kufunga kama mlango wa duka, hiyo ni hadithi. Baridi inachofanya ni kusinyaza mishipa midogo ya damu, ngozi inatulia na pale ulipojitoboa panaacha kuvuja haraka. Kwahiyo tumia, ila kwa sababu hiyo. Ikiendelea kuvuja bonyeza kitambaa safi cha maji baridi dakika mbili bila kuchungulia. Jiwe la shabu nalo linasaidia, lilowe kwanza, pitisha taratibu, subiri nusu dakika, suuza. Spiriti wengine wanaipenda kwa kuwa inauma wanahisi imefanya kazi, mi naona inakausha tu.

Jifute kwa kugusisha taulo, siyo kusugua, taulo lako peke yako. Ngozi ikiwa na unyevunyevu bado paka mafuta kidogo au losheni isiyo na manukato makali.

VIPELE VYA NDEVU

Hii ni yetu sisi wenye ndevu za kujikunja. Ndevu ikikatwa chini sana inajikunja inarudi kuingia kwenye ngozi, mwili unaiona kama mwiba, panavimba. Maji yanasaidia lakini hayatibu tabia mbaya, kwahiyo usiivute ngozi kwa mkono mwingine ukinyoa, maana ukiiachia ndevu iliyokatwa inazama ndani. Usinyoe kinyume. Wembe wa nyembe tano unakata chini kuliko ngozi inavyopenda, wa moja ni mzuri zaidi kwa mtu wa vipele. Kitaulo cha vuguvugu kisugue kwa duara duara taratibu kabla ya kunyoa, kinainua vinywele vilivyoanza kujikunja. Vipele vikiwa vimeshawaka, vina usaha, pumzisha wembe wiki tatu nne, tumia mashine ya umeme uache ndevu fupi kidogo, na visipoisha nenda hospitali ya karibu wakuone, usijitumbue na pini.

BAADA YA HAPO

Wembe uoshe kwa maji safi, kikombe kimoja, siyo yale ya sinki. Tikisa utoke maji, usiufute kwa taulo wala kidole, usimamishe pakavu nje ya bafu. Bafu zetu hazina hewa, wembe ukilala kwenye maji ya sabuni unashika kutu na uchafu. Ukianza kuvuta, tupa, ufunge kwenye karatasi ngumu usije kumkata anayezoa taka.

Wembe hauazimwi. Hata kwa ndugu, hata kwa shemeji. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi juu ya kitu kilichokauka siku saba na zaidi, na maji ya sinki hayaviondoi. Kwa kinyozi vile vile, wembe ufunguliwe ukiona, na kama anachovya brashi kwenye kopo la maji walilochovya watu tangu asubuhi mwambie abadilishe, ni haki yako, kinyozi mzuri hakasiriki.

Sinki: kabla ya kuvuta kizibo okota ndevu zilizoganda pembeni kwa kipande cha tishu, weka kwenye taka. Ndevu zikishikana na sabuni ndani ya lile bomba lililopinda chini ya sinki zinatengeneza kizibo kingine cha kwake, na fundi bomba akija anakuchaji kwa kugeuza mfuniko ambao ungeugeuza mwenyewe kwa mkono, weka ndoo chini, fungua, toa ule uchafu, osha, funga. Uvundo wake lakini, usifanye kabla ya kula.

Jana shemeji karudia. Nimempa jagi, kitaulo na kikombe, koki nimefunga kwenye bomba kubwa kabisa asije akajisahau. Kakaa humo robo saa kimya mpaka nikadhani kalala. Katoka shavu linateleza kama yai, mkononi kashika jagi lina maji bado kama nusu lita, ananiuliza, "Shem, na haya yaliyobaki nifanyie nini?" Nikamwambia yamwage chooni pamoja na ya sinki, leo hatuvuti.